UNAKEMEA ADUI USIYEMJUA! Neno kwa wazazi na watumishi wanaopiga vita Minecraft



Leo neno langu lina makali kidogo. Kama unatafuta la kubembeleza, rudi kesho asubuhi. Leo nasema na mzazi aliyeokoka, na nasema na mtumishi mwenzangu anayesimama madhabahuni.

Juma hili nimetumiwa ile video tena na tena. Mhubiri ameshika simu, kwenye kioo kuna kiumbe cha kijani kisicho na mikono, naye anapaza sauti kwamba hilo ni pepo lililotumwa kuwala watoto wetu, na kila mzazi achome simu usiku huo huo. Watu wanaandika AMINA na kuwatumia wengine.

Nina maswali machache tu. Kile kiumbe kinaitwaje? Kinakuja wakati gani? Kinadhuru vipi? Kinaogopa nini?

Hujui. Yule mhubiri naye hajui. Mtoto wako wa miaka 9 anajua majibu yote. Sasa niambie, ni nani kati yenu aliyejiandaa kwa vita?

NIANZE NA KOSA LANGU

Mimi pia nilifanya hivyo, na sijivunii. Mwanangu alikuwa na miaka 11. Nilimkuta anacheza Minecraft, nikaona zombi, nikaona mifupa inayotembea na upinde, damu ikanichemka. Nikamnyang'anya tableti. Jumapili nikamsimamisha mbele ya vijana wenzake, nikamwambia aukane mchezo ule kwa kinywa chake. Akaukana. Alikuwa analia. Kanisa likapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Kwa miezi 4 mtoto yule aliniambia maneno mawili tu: "Ndiyo, Baba" na "Hapana, Baba."

Usiku mmoja stima ikapotea. Tumekaa gizani, mshumaa mmoja mezani. Nikamuuliza, bila hasira, "Yule wa kijani ni nani?" Akaninyamazia kwanza. Kisha akaanza kueleza, akaeleza kwa saa nzima. Na katikati ya maelezo likamtoka jambo ambalo hakupanga kulisema. Kabla sijachukua ile tableti, mtu fulani asiyemjua, waliyekutana naye wakicheza mtandaoni, alikuwa akimuuliza anasoma wapi, anaishi wapi, na baba hurudi nyumbani saa ngapi.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Baba, ungesema ni pepo."

Mpendwa, jibu lile liliniumiza kuliko tusi lolote. Nilikuwa nikikemea kiumbe cha kuchorwa, na mtu wa nyama na damu alikuwa mlangoni pangu. MLINZI NILIKUWA MACHO, LAKINI NILIKUWA NATAZAMA UKUTA USIO NA MLANGO.

WAJUE ADUI KWA MAJINA

Musa alituma watu 12 kuipeleleza Kanaani kabla ya vita. Soma Hesabu 13. Paulo naye anawakumbusha Wakorintho kwamba mbinu za adui si siri kwetu. Kwa hiyo na tupeleleze. Nitakupa niliyofundishwa na mwanangu.

1. ZOMBI NA MIFUPA. Hawa ni adui wa usiku. Siku nzima katika gemu hii ni dakika 20 za saa yako, na giza likiingia ndipo wanatokea. Zombi anakuja polepole akiguna. Mifupa inakupiga mishale ukiwa mbali. Jua likichomoza, walio nje bila kivuli wala kofia wanashika moto. Na kwenye kiwango kigumu zaidi, zombi anaweza kuuvunja mlango wako wa mbao. Kumbe mtoto wako anajua kwamba kufunga mlango pekee hakutoshi!

2. BUIBUI. Mchana ukimwacha, anakuacha. Gizani anakushambulia, na anapanda ukuta. Mtu amejenga ukuta mrefu akalala raha, kumbe juu hakuweka kitu.

3. CREEPER. Huyu ndiye wa kijani kwenye video. Hapigi kelele akija. Akikukaribia unasikia mlio kama wa utambi unaoungua, na baada ya sekunde moja na nusu hivi analipuka na kubomoa ulichojenga. Jua halimchomi. Lakini anamkimbia PAKA. Na unajua alitoka wapi? Markus Persson, Mswidi aliyeanzisha gemu hii, alikuwa anajaribu kutengeneza nguruwe, akachanganya vipimo vya urefu na kimo. Nguruwe aliyeharibika ndiye huyo tunayemfungia siku 3 kavu!

4. ENDERMAN. Mrefu, mweusi. Hana neno nawe mpaka umtazame usoni. Ukimkazia macho, umeanza vita wewe mwenyewe. Maji yanamuumiza.

5. PHANTOM. Huyu anaruka angani, na haji kwa kila mtu. Anamjia mchezaji aliyekaa siku 3 za gemu bila kulala kitandani. Wewe unayemgombeza mtoto kila usiku akalale, ndani ya gemu yenyewe kuna adhabu ya asiyelala.

6. WARDEN. Aliongezwa mwaka 2022, anakaa chini kabisa ya ardhi. Ni kipofu, lakini anasikia mtikisiko wa kila hatua. Ana nguvu za kutisha, na ukimuua hupati cha maana. Kwa hiyo wanaojua hawapigani naye, wananyata na kupita. Si kila adui ni wa kukabiliwa kwa kelele. Kuna mtumishi anahitaji hilo.

7. WITHER. Huyu haji mwenyewe kamwe. Mchezaji ndiye anayemjenga, kwa mafuvu 3 na mchanga maalumu, halafu kikiumbika kinamgeukia aliyekiumba. Mzazi, tuendelee.

KITU KIMOJA KINAWAUNGANISHA WENGI WAO

Katika ulimwengu wa kawaida wa gemu hii, wengi wa adui hawa huzaliwa mahali PENYE GIZA. Mwanga hupimwa kutoka 0 hadi 15. Tangu toleo la mwishoni mwa 2021, wanahitaji mahali ambapo mwanga wa taa ni 0 kabisa. Mwenge mmoja unatoa 14. Hivyo mchezaji mwerevu hazunguki na upanga usiku kucha. ANAWEKA TAA, na adui hapati pa kuzaliwa.

Huyo ndiye mtoto uliyemwambia anafundishwa giza.

Na usiponichoka, sikia hili. Zombi akimuua mwanakijiji, mwanakijiji anaweza kugeuka zombi. Na gemu haikulazimishi kummaliza. Kuna njia ya kumponya: dawa ya kumdhoofisha, kisha tufaha la dhahabu. Atatetemeka dakika kadhaa, halafu anarudi kuwa mtu. Na baadaye, yule aliyeponywa anamuuzia mwokozi wake kwa bei nafuu. Mwanangu alitumia dhahabu yake kumponya mmoja. Mimi nilikuwa nimempa yeye nini, zaidi ya aibu mbele ya watu?

"LAKINI MCHUNGAJI..."

Najua utaniambia, "Mchungaji, mle kuna mahali pa moto, panaitwa Nether, ni jehanamu." Pana moto, ndiyo, na viumbe vikali. Mchezaji huenda huko kutafuta mali na kupigana, kisha hurudi nyumbani. Kama hutaki mtoto wako aone picha hizo, ni haki yako, wewe ni mzazi. Mwambie hivyo. Lakini usimwambie kwamba ameingia agano na kuzimu, kwa sababu yeye anajua alichofanya ni kuchimba mawe.

Utaniambia, "Kuna mzimu wa macho meupe, Herobrine." HAYUMO. Ni hadithi iliyosambazwa mtandaoni mwaka 2010, na kampuni yenyewe imekuwa ikifanya mzaha kwa kuandika kwamba "imemwondoa". Wewe umemkemea kwa jina, kwenye kesha, kiumbe ambaye hajawahi kuwa ndani ya gemu. Vijana waliokuwa nyuma walijua. Ndiyo maana walicheka, na wewe ukasema wana pepo la dharau.

Utaniambia, "Ni afadhali kukosea kwa kuzidisha ulinzi." Hapana, mpendwa. Kila unapokemea kisichokuwepo mbele ya mtoto anayejua, unatumia sehemu ya imani yake kwako. Siku utakapokuja na onyo la kweli, utakuta imani hiyo imeisha. Mimi ilinishia.

ADUI WA KWELI NI HAWA

Sisemi gemu ni malaika. Hatari zipo, na ndizo hujawahi kuzihubiri.

Kuna MGENI anayezungumza na mtoto wako mnapocheza mtandaoni. Huyo haguni kama zombi. Anakuja kimya kama Creeper, na ukisikia mlio umechelewa.

Kuna PESA. Vitu vinauzwa ndani ya gemu, na namba ya siri ya simu ya mama inajulikana na watoto wote nyumbani.

Kuna USIKU. Mtoto wa shule anayecheza mpaka saa nane za usiku hana pepo la usingizi darasani. Ana usingizi.

Na kuna KIMYA, kile cha "Ndiyo, Baba." Huyo ndiye Wither, na sisi wazazi ndio tunaomjenga kwa mikono yetu.

UFANYE NINI LEO

Usichome simu. Kaa na mtoto saa moja. Saa moja ni siku 3 nzima za gemu, utaona usiku ukiingia mara 3. Mwambie akufundishe. Uliza nani anacheza naye, anamjua kwa sura au kwa jina tu. Kama ni mdogo, mwonyeshe kwamba kuna kiwango cha amani ambacho adui hawa wote wakali hutoweka, naye ajenge tu. Na cheza mtandaoni kuwe na mpaka: watu anaowajua, na mlango wa chumba wazi.

Nehemia aliwajenga watu kazi kwa mkono mmoja, silaha mkono wa pili. Lakini kumbuka, walijua adui ni nani na anatokea upande gani. Ndiyo maana ukuta ulisimama.

Mtumishi mwenzangu, kama Jumapili hii umepanga kuwakemea watoto kwa kitu ambacho hujakitazama hata dakika 10, nakuomba kwa unyenyekevu: nyamaza kwanza, upeleleze. Tusiwaaibishe watoto wa Mungu kwa sababu ya uvivu wetu.

OMBA NAMI: Baba, nisamehe nilipopiga kelele badala ya kuwasha taa. Nifungue macho nimwone adui aliye mlangoni kweli. Fungua tena kinywa cha mwanangu kwangu, na unipe sikio. Katika jina la Yesu. AMINA.

Kama una mtoto aliyenyamaza nyumbani, usiandike AMINA hapa. Inuka sasa hivi, ukagonge mlango wake, umuulize yule wa kijani ni nani.

Mbarikiwe.