Kipupwe cha Thika na Samaki wa Sebuleni

Mgeni akiambiwa ya kwamba Thika na Ruiru, miji ya Kenya, ziko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta, hustaajabu kusikia kwamba huko wako watu wanaonunua hita kwa ajili ya samaki. Lakini sisi wenyeji, tukaao zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, twaijua baridi ya kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, jua linaposhinda nyuma ya mawingu na maji ya tangi yakazizima usiku kucha pasi na mwenye nyumba kutambua. Naye samaki, kwa kuwa joto la mwili wake ni lile lile la maji aliyomo, hana hila ya kujiokoa. Na wengi tunaowapendea rangi zao, wakiwamo wale wenye asili ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, hutaka maji ya nyuzijoto 24 hadi 27, na yakipungua hapo huacha kula, na aghalabu huandamwa na maradhi ya madoadoa meupe.

Kuwapasha joto, basi, ni wajibu wa aliyewafungia katika kioo. Ninalolipinga ni njia. Wako wanaotumbukiza koili ile ya kuchemshia maji ya kuoga, chombo kisicho na themostati wala kikomo, ambacho huweza kumuua aliyetia mkono majini kabla hakijawadhuru samaki. Wako pia wanaoliacha jiko la makaa ndani, milango imefungwa, wakaghafilika kwamba sumu ya hewa yake haina rangi wala harufu.

Njia ya salama haina siri. Kwa tangi kubwa, tuseme la lita 400, kadiri ya wati moja kwa kila lita hutosha katika hali ya hewa yetu. Lakini wati hizo zisikusanywe katika hita moja, bali zigawanywe katika hita mbili za wati 200, kila moja na themostati yake, zikikaa mahali maji ya chujio yanapopita ili joto lienee. Themostati huharibika, nayo ikikwama hali hita inawaka, wati 400 huweza kuyaongeza maji hayo nyuzijoto moja kwa muda wa saa moja na ushei, hata kufikia asubuhi samaki wawe wakitweta, kwa maana maji ya moto hushika oksijeni haba. Ilhali wati 200 huchukua muda maradufu, nawe ukapata nafasi ya kuliona kosa katika kipimajoto cha pembeni, ambacho hakina budi kusomwa kila siku. Na hita moja ikifa, ya pili haitawaacha samaki katika baridi tupu.

Fauka ya hayo, umeme wa volti 240 na maji si majirani wema. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli, afunge kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni. Na hita izimwe, iachwe ipoe, ndipo maji yapunguzwe, kwani kioo chake kikitoka majini kingali moto hupasuka. Kifuniko juu ya tangi na ubao wa povu nyuma yake hupunguza gharama ya umeme. Na umeme ukipotea, lifunike tangi kwa blanketi, ueleze humo chupa za maji ya moto zilizofungwa barabara, wala usimimine maji yanayochemka.

Mwenye kuona haya yote ni ghali, shauri langu kwake ni moja: afuge samaki wa dhahabu, ambao baridi ya Thika na Ruiru haiwadhuru, wala hawamlazimu mtu kutia hita majini.