Jina la Utani Likimeza Ukoo

Leo twende mbali kidogo, Kanada, kule Quebec ambako mpaka leo Kifaransa ndicho kinachotamba. Baridi yao siiwezi, mimi nawafuatia majina tu.

Wafaransa walianzisha mji wa Quebec mwaka 1608, wakatawala koloni hilo mpaka 1763 lilipokwenda kwa Waingereza. Mwaka 1665 Mfalme Louis wa 14 alipeleka huko kikosi cha askari kama 1,200, na mia kadhaa hawakurudi kwao. Waliona bora waoe, walime. Sasa sikia uhondo: askari wa enzi hizo alikuwa na jina lake la jeshini. Huyu Lafleur, yaani Ua. Yule Lajeunesse, Ujana. Kuna Sansoucy, bwana Asiye na Wasiwasi! Majina hayo hayakuishia kambini. Padri aliyaandika kwenye kitabu cha kanisa, jina la ukoo kwanza, halafu neno "dit", maana yake "aitwaye", ndipo la utani likafuata. Kwa lugha ya vijana, a.k.a.

Kizaazaa kilianza kwa watoto. Baba mmoja, mama mmoja, lakini huyu anabeba jina la ukoo, mwenzake anashika la utani, na wajukuu hawajuani tena kwa majina. Usidhani jina la ubatizo litakuokoa. Wavulana wengi walibatizwa Joseph na wasichana Marie, kisha linafuata lile la kuitia nyumbani. Nyumba moja ina kina Marie watano, na wote ni halali!

Wanaookoa jahazi ni akina mama. Kule mke hakupoteza jina la kwao. Aliolewa, akazaa, akazikwa, na padri bado anamwandika kwa jina la baba yake. Kwenye ndoa ya kwanza waliandikwa mara nyingi wazazi wa pande zote mbili. Kwa hiyo anayetafuta ukoo hufuata ndoa. Ndoa ya bibi inampa wazazi wa bibi, anaitafuta na yao, hivyo hivyo mpaka anafika kwa yule aliyeshuka melini. Tena tangu 1981 sheria ya Quebec inataka mwanamke aendelee na jina lake hata akiolewa. Dada zangu mnaokimbilia kujiita Mrs. Fulani kabla hata posa haijaja, mpo?

Waliohamia Marekani kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo walivuruga zaidi. Roy akawa King, Boisvert akawa Greenwood. Mtoto wa wahamiaji hao alikuwa Jack Kerouac, aliyeandika On the Road, kitabu kilichotoka 1957. Alizaliwa Lowell, Massachusetts, mwaka 1922, akabatizwa Jean-Louis. Jamaa aliamini babu yao alikuwa mtu wa heshima zake kutoka Bretagne, Ufaransa, jina Lebris de Kerouac. Mwaka 1965 akafunga safari. Akapekua maktaba za Paris, akapanda treni hadi Brest, akarudi mikono mitupu. Akafariki 1969.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo watafiti wa Bretagne walipofumbua fumbo. Babu hakuitwa Lebris hata kidogo. Alikuwa Urbain-François Le Bihan de Kervoac, mtoto wa mwandishi wa hati pale Huelgoat. Mwaka 1720 alituhumiwa wizi harusini, na baadaye anaonekana Kanada na jina jipya kabisa. Kerouac wa watu alikuwa akitafuta jina la kujibandika!

Mwaka 1732 mzee huyo alifunga ndoa kanisani Cap-Saint-Ignace. Bwana harusi kaandikwa kwa jina lake la bandia. Bibi harusi kaandikwa Louise Bernier, kama alivyozaliwa.

Tuonane wiki ijayo.