Wafugaji, Tuandike Ukoo wa Ng'ombe Wetu

Wafugaji wenzangu wa Hai, Meru, Rungwe, Lushoto na Muheza, nanyi mnaofuga ng'ombe wawili watatu uani mjini, nina ombi moja. Tuanze kuandika kumbukumbu za ng'ombe wetu, na tuziandike pamoja.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Hata hivyo, mama anayekamua lita tano kwa siku bado anaambiwa kwamba dawa ni kununua mtamba wa bei kubwa, au mbegu ya dume wa ng'ambo. Mtamba ananunuliwa, mbegu inapandikizwa, ndama anazaliwa, na miaka mitatu baadaye hakuna anayeweza kusema kama binti amemshinda mama yake. Maziwa ya mama hayakuandikwa. Baba hajulikani. Uboreshaji wa mifugo unafia hapo, katika maelfu ya mabanda, wala si kwa kukosa maabara.

Mtazame mhimilishaji akiwa kazini. Anafungua mtungi, ukungu mweupe wa naitrojeni unafuka, anachomoa mrija mwembamba kwa kibano na kuutia kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Ubavuni mwa mrija huo pamechapwa kwa herufi ndogo jina la dume na namba yake. Kazi ikiisha, mrija unatupwa kwenye samadi pamoja na glovu. Namba ile ndiyo ukoo wa upande wa baba wa ndama atakayezaliwa baada ya siku 280 hivi, nasi tunaikanyaga kwa mabuti.

Kisha ndama huyo anakua, anaingia kwenye joto, na mtaalamu anakuja na mrija mwingine. Huenda ni wa dume yuleyule. Au tunaazima dume wa jirani, kumbe ni kaka yake kwa baba. Mimba zinatoka, ndama wanazaliwa dhaifu, maziwa yanapungua, nasi tunalaumu majani. Hili si tatizo la wanyonge peke yao. Marekani kulikuwa na dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962. Mabinti zake walikamuliwa maziwa mengi mno, na damu yake ikasambaa dunia nzima. Lakini alibeba kasoro moja iliyojificha, ambayo ikirithiwa kutoka kwa baba na kwa mama inamuua ndama tumboni. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo imesababisha mimba kama 500,000 kutoka duniani. Iligunduliwa kwa kuwa wenzetu walikuwa na vipimo vya vinasaba pamoja na kumbukumbu za mimba za ng'ombe wengi. Sisi tungeigundua kwa njia gani?

Najua jibu la wengi: siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, kitatuambia kila kitu. Kipimo kipo, na ni cha ajabu kweli. Unang'oa nywele chache za mkia pamoja na mizizi yake, maabara inasoma maelfu kwa maelfu ya alama, na ndama mchanga anakadiriwa uwezo wake kabla hajapandwa wala kukamuliwa. Marekani walianza kukitumia rasmi kwa Holstein mwaka 2009, na muda wa kizazi kimoja cha madume hadi kingine, uliokuwa kama miaka saba, ukashuka chini ya mitatu. Lakini alama hizo hazina maana mpaka zilinganishwe na maziwa ya ng'ombe wanaojulikana. Kipimo kilichojengwa juu ya ng'ombe wa Wisconsin au Uholanzi, wanaolishwa nafaka na kukaa penye baridi, hakimjui ng'ombe wa Muheza anayepambana na kupe, ndigana kali na kiangazi cha miezi. Kinachohitajika ni namba za ng'ombe wetu, na namba hizo tunazo sisi tu, kwenye ndoo zetu, kila asubuhi na jioni.

Kwa nini basi nasema tuandike pamoja, na si kila mtu kivyake? Kwa sababu mfugaji mwenye ng'ombe wawili hawezi kujua kama huyu anamshinda yule kwa damu au kwa pumba. Hata katika makundi yanayotunzwa vizuri, kinachotokana na urithi ni karibu theluthi moja tu ya tofauti ya maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe. Kinachobaki ni malisho, maji, magonjwa, mkono wa mkamuaji. Banda moja haliwezi kutenganisha mambo hayo. Lakini mabinti 40 wa dume mmoja wakiwa kwenye mabanda 40, kwa matajiri na kwa maskini, bondeni na mlimani, na bado wakawazidi mabinti wa madume wengine, basi siri ya yule dume imefichuka. Maarifa hayo hayanunuliki kwa fedha ya mtu mmoja. Yanatoka kwa majirani walioandika jambo lilelile kwa namna ileile.

Haya yaliwezekana kabla ya vinasaba kusomwa. Mwaka 1895, wafugaji wa Vejen, Denmark, walianzisha chama cha kupima maziwa. Waliajiri mtu wa kuzunguka banda kwa banda akipima na kuandika. Kalamu, mizani na uaminifu. Jirani zetu wa Kenya wana kitabu cha ukoo wa mifugo tangu mwaka 1920, na kituo chao cha mbegu cha Kabete ni cha tangu mwaka 1946. Nasi hatuanzi mikono mitupu. Tuna kituo cha uhimilishaji cha Usa River. Tuna ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetengenezwa na watafiti hapahapa Dodoma kwa kuchanganya damu za kienyeji na za kigeni kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2016, taasisi za utafiti wa mifugo za TALIRI na ILRI zimekuwa zikikusanya kumbukumbu na nywele za ng'ombe wa wafugaji wadogo wa nchi hii. Wanaotaka kutusaidia wapo. Wanachokosa ni sisi kwa wingi wetu.

Tena tunajua kufanya jambo la pamoja kuhusu ng'ombe. Wengi wetu tulipata mtamba wa kwanza kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza unampa jirani. Hakuna polisi aliyetusimamia. Utaratibu ule uligawa damu nzuri vijijini. Sasa tuufuatilie ukoo wake.

Kuna wanaoogopa kwamba kuhesabiwa ng'ombe ni kukaribisha ushuru. Hofu hiyo ina historia, siibezi. Ndiyo maana nasema daftari liwe la kikundi, likae kwa katibu tuliyemchagua wenyewe, na mtafiti akija atusomee matokeo kabla ya kuondoka nayo.

Wala nisieleweke kwamba kila zebu achanganywe mpaka aishe. Singida Nyeupe na Nyekundu ya Iringa zinavumilia njaa na maradhi yanayoangusha ng'ombe wa kisasa. Ng'ombe mwenye damu ya kigeni kupita kiasi kwenye banda lisilo na majani ni hasara na mateso. Daftari litatuambia mchanganyiko gani unafaa wapi, na hilo pia litaokoa kosaafu zetu.

Basi tufanye hivi. Kabla ya mvua za masika, ita kikao cha majirani kumi wanaofuga. Kila ng'ombe apate hereni au namba, mama yake na baba yake waandikwe, na tarehe ya kupandwa, ya kuzaa na ya kukaushwa. Siku moja kila mwezi, iliyo sawa kwa wote, maziwa ya asubuhi na jioni yapimwe kwa kikombe chenye alama za lita, si kwa kukisia. Mhimilishaji akimaliza, mwambie akuachie mrija, unakili namba, kisha utupe. Asiyejua namba ya dume wake asilipwe. Vyama vya ushirika na viwanda vinavyonunua maziwa yetu vilipe posho ya mpimaji mmoja kwa kata, maana faida ya lita zitakazoongezeka ni yao pia. Na wizara itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili, mabinti wa kila dume wa Usa River wamefanyaje kwenye mabanda yetu, ili mfugaji achague mbegu akijua anachonunua.

Daftari la kurasa 200 linatosha kuanzia. Linunuliwe wiki hii, na ng'ombe wa kwanza aandikwe siku hiyohiyo.