Tofali ni la Wote, Hadithi ni ya Kukodi



Wapendwa wasomaji, huenda wengine mtashangaa kuona ukurasa wa maoni wa waseminari ukizungumzia midoli. Lakini kila inapokaribia Noeli, au mtoto anapojiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza, wazazi na wasimamizi hutuuliza swali lilelile: "Frateri, huyu mtoto tumpe zawadi gani?" Wakienda kwenye maduka makubwa ya mijini hukutana na maboksi ya matofali ya plastiki ya kuchezea, kila boksi na picha ya shujaa wake wa filamu. Mtoto naye hasemi tena "nataka matofali". Anataja jina la shujaa.

Nyuma ya maboksi hayo kuna ushindani wa miaka mingi. Sisi tunaosoma falsafa hatuuoni kuwa jambo dogo, kwa sababu unagusa kitu ambacho mtoto amepewa na Mungu, yaani uwezo wake wa kuwaza na kuunda. Maoni yetu ni haya: kampuni zilishindwa kulimiliki tofali, zikageuka kugombania hadithi, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kufumbua macho.

Tofali lilikotoka

Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund, Denmark, na fundi seremala Ole Kirk Christiansen, aliyetengeneza midoli ya mbao. Jina LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Kampuni yenyewe husimulia kwamba siku moja Godtfred, mwana wa fundi huyo, alimweleza baba yake kwa furaha kuwa ameokoa fedha kwa kuwapaka bata wa mbao vanishi mara mbili badala ya tatu. Baba alimwamuru akawarudishe bata hao kutoka stesheni, awapake mara ya tatu usiku uleule, peke yake. Wahenga wetu wangesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo, tofali la plastiki la kushikamana halikuanzia Billund. Mwingereza Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, alikwisha kuliuza katika miaka ya 1940. LEGO waliliona, wakalifanyia marekebisho, na mwaka 1949 wakatoa la kwao. Ilipofika mwaka 1958 Godtfred aliombea hataza ubunifu mpya: vibomba vidogo ndani ya tofali, vinavyobana vinundu vya tofali la chini yake ili jengo lisibomoke ovyo. Tofali la mwaka huo linashikamana na la leo bila tatizo. Haki za Kiddicraft LEGO walikuja kuzinunua mwaka 1981, wakati Page alikwisha kufariki tangu 1957. Tunayasema haya si kwa kumshutumu mtu. Tunataka ikumbukwe kwamba hata mkubwa wa leo alianza kwa kusimama juu ya kazi ya mwingine.

Mahakama zilivyoamua

Hataza haidumu milele. Mbunifu anapewa ulinzi kwa miaka kadhaa, naye anaweka wazi siri ya ubunifu wake. Muda ukiisha, ujuzi ule unakuwa mali ya wote. Huko Kanada hataza ya LEGO ilikwisha mwaka 1988. Baada ya hapo kampuni ya Ritvik ya Montreal, yenye chapa ya Mega Bloks, ikaanza kutengeneza matofali madogo yanayoshikamana na yale ya LEGO. LEGO walikwenda mahakamani wakidai kwamba vile vinundu vya juu ni alama yao ya biashara, na alama ya biashara, tofauti na hataza, haina mwisho.

Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada iliwakatalia. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikakataa umbo la tofali lisajiliwe kuwa alama ya biashara. Hoja ya msingi ilikuwa moja: vinundu vile vipo kwa sababu vinafanya kazi ya kushikamanisha. Kinachofanya kazi hulindwa na hataza, na hataza ikiisha hakiwezi kufichwa tena chini ya sheria nyingine.

Kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanatetea mali binafsi, na papo hapo yanatukumbusha kwamba vitu vyote vya dunia vimekusudiwa kuwafaa watu wote. Mbunifu apate ujira wake, kisha jamii nayo ipate fungu lake.

Lakini tusichanganye mambo. Ushindani wa Mega Bloks ulikuwa wa halali, na kile kilichofanywa na Lepin ya China kilikuwa kitu kingine. Lepin walinakili seti nzima za LEGO, tangu mpangilio wa vipande hadi picha ya boksi. Mwaka 2019 polisi wa China waliwavamia, na mwaka 2020 mahakama ilimhukumu kinara wao kifungo cha miaka 6 na faini ya yuani milioni 90. Kutumia ujuzi uliokwisha kuwa wa wote si wizi. Kuchukua kazi ya msanifu aliye hai na kuiuza kama yako ni kuvunja amri ya saba, hata kama bei ya hiyo feki inatupendeza.

Ushindani ulipohamia kwenye hadithi

Sasa tofali limekuwa la kila mtu. Kampuni itamvutaje mnunuzi? Jibu lilikuwa leseni: unamlipa mwenye filamu au mchezo wa kompyuta, naye anakuruhusu kuweka mashujaa wake kwenye maboksi yako. LEGO walianza na Star Wars mwaka 1999, kisha Harry Potter mwaka 2001. Mega wakachukua mchezo wa Halo. Hasbro wa Marekani walileta chapa ya Kre-O mwaka 2011 na kuitumia kwa Transformers wao wenyewe. Mattel, wenye Barbie, waliinunua Mega mwaka 2014. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba Pokémon, ambao walikuwa wakijengwa kwa matofali ya Mega, wataingia LEGO kuanzia 2026. Shujaa ni yuleyule, amehama nyumba tu, na mtoto aliyempenda anaambiwa aanze upya kwenye boksi jingine.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na LEGO waliuona ukweli wa methali hiyo. Mwaka 2003 haikutoka filamu mpya ya Star Wars wala ya Harry Potter. Mauzo ya kampuni yakaporomoka kwa takribani robo, na hasara ikawa kubwa mno. Ilikuwa na matatizo mengine pia, kama vile kutengeneza aina nyingi kupita kiasi za vipande, lakini hili la kuning'inia kwenye hadithi ya mwingine lilikuwa mojawapo. Mkurugenzi mpya, Jørgen Vig Knudstorp, aliyeshika uongozi mwaka 2004, aliirudisha kampuni kwenye tofali lenyewe na kupunguza aina za vipande karibu nusu. Leseni hazikuachwa. Zilibaki, na zimezidi.

Ushindani huu umegusa hata dhamiri. Cobi wa Poland wamejijengea jina kwa vifaru na ndege za Vita Kuu ya Pili. LEGO wao wana msimamo wa kutotengeneza silaha za vita vya kisasa, na mwaka 2020 waliifuta seti ya ndege ya Osprey kwa sababu ndege halisi ya aina hiyo hutumiwa na jeshi. Tunaupongeza msimamo huo. Lakini tunajiuliza: je, seti za Star Wars hazina bunduki? Jina lenyewe maana yake ni vita vya nyota. Hapo hadithi ya kukodi imeingia na silaha zake mlangoni, na hakuna aliyeizuia.

Maada na umbo

Aristotle alitufundisha kutofautisha maada na umbo. Udongo ni maada. Unaweza kuwa chungu au kuwa tofali, na ukishachomwa kuwa chungu umekwisha kupata umbo lake. Tofali la kuchezea ni maada ya namna yake, kwa sababu hata likipata umbo leo, kesho laweza kulivua. Matofali mawili yenye vinundu vinane, ya rangi moja, yanaunganika kwa namna 24. Mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Søren Eilers, alikokotoa kwamba matofali sita tu ya aina hiyo yanaunganika kwa namna 915,103,765. Huo ndio uwezekano uliofungwa katika kiganja cha mtoto.

Boksi la leseni linauza kimoja katika hivyo vyote. Umbo limeamuliwa, kijitabu kina hatua zake, na picha ya juu inamwonyesha mtoto mwisho kabla hajaanza. Akimaliza, chombo kinawekwa juu ya kabati na anaambiwa, "Usiguse, utaharibu." Maada imerudi kuwa sanamu. Kinachobaki kwa mtoto ni kutaka boksi linalofuata.

Katika utume wetu wa mwisho wa juma tumewaona watoto wa chekechea ya parokia wakimwagiwa sakafuni matofali ya kampuni mbalimbali yaliyochanganyika, bila boksi wala kijitabu. Mmoja alijenga daladala lenye milango pande zote mbili. Mwingine alijenga kanisa, akaweka ng'ombe ndani, akasema nao wamekuja kusali. Hakuna kampuni ambayo ingeuza ng'ombe yule.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapozungumzia michezo katika Summa Theologiae, anasema roho nayo huchoka na huhitaji pumziko, na pumziko lake ni mchezo. Anakumbusha simulizi la Mtume Yohane na upinde: upinde ukivutwa bila kulegezwa, hukatika. Kwake kucheza kwa kiasi ni fadhila. Tunaongeza kwamba mchezo unaomwachia mtoto deni la kununua tena na tena haumpumzishi. Unamzoesha mapema kujipima kwa alicho nacho, jambo ambalo Mtakatifu Yohane Paulo II alituonya nalo katika Centesimus Annus mwaka 1991.

Pingamizi moja

Mtu atasema: "Nanyi Kanisani mnampa mtoto hadithi iliyokwisha kamilika. Pango la Noeli lina mchungaji wake, punda wake na nyota yake. Tofauti iko wapi?"

Swali ni zuri, na hatutaki kulikwepa. Ni kweli kwamba mtoto hawezi kuanza na utupu. Huanza kwa kuiga na kusimuliwa. Hata filamu yaweza kumfungulia mlango, na wapo watoto wanaojenga kwanza kwa kijitabu kisha wakabomoa na kwenda kwao. Lakini hadithi ya kukodi ina mwenyewe anayedai malipo, na mkataba ukiisha inaondoka. Mtakatifu Fransisko alipoandaa Noeli ya Greccio mwaka 1223 alitumia hori, nyasi, ng'ombe na punda, vitu vilivyokuwa vya kawaida kwa watu wa pale. Hakumlipa mtu leseni, wala hakumdai mtu leseni. Ndiyo maana mama kijijini anaweza kutengeneza mchungaji kwa gunzi la mahindi, na mchungaji huyo akawa halali kabisa. Hadithi iliyotolewa bure humwalika mtoto aingie ndani yake na kitu chake mkononi.

Tufanye nini?

Kwanza, mzazi mwenye uwezo wa kununua matofali anunue ya kawaida yasiyo na shujaa, na asione aibu kuchanganya chapa. Yale yaliyotengenezwa kwa kipimo kimoja yatashikamana. Mahakama zimekwisha kuruhusu. Kama mtoto amepewa boksi la filamu, ajenge, afurahi, kisha aruhusiwe kubomoa. Asigombezwe kwa kubomoa, maana ndipo kazi yake mwenyewe inapoanza.

Pili, shule zetu za chekechea na vyama vya watoto, hasa Utoto Mtakatifu, viwe na kapu la pamoja. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama lishe wachote kapu moja. Tusiwaache waanze kupangana kwa majina ya maboksi wakiwa bado hawajajua kusoma.

Tatu, wasiokuwa na uwezo wa kununua wasijione wamemnyima mtoto kitu. Mtoto anayetengeneza gari kwa waya na visoda ana maada mkononi na umbo kichwani, na shujaa wake hana mwenye leseni. Anachohitaji kwetu ni muda wa kucheza na mtu mzima wa kumsikiliza anapoeleza alichounda.

Nasi waseminari tunaotumwa kufundisha katekisimu, tusiwe watu wa kugawa vijitabu vya hatua tu. Tuwasimulie watoto habari za wokovu kikamilifu, kisha tuwape nafasi waijenge Nazareti yao, hata kama ndani yake watapitisha daladala.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kampuni zitaendelea kugombania mashujaa, na hiyo ni biashara yao. Kulinda mawazo ya mtoto ni kazi yetu sisi tunaomlea.