Mgonjwa Si Chambo: Kampuni Changa za Afya na Swali la Mlipaji

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewatosha wachuuzi wa Afrika Mashariki tangu jadi, kwani mnunuzi wa embe hulitomasa na kulinusa, na akifika nyumbani akalikuta limeoza, hamrudii muuzaji yule. Hata hivyo, ipo bidhaa moja ambayo methali hii haiimudu, nayo ni tiba. Mgonjwa aliyepewa kidonge hana namna ya kukionja akajua ubora wake. Akipona, huenda mwili ulijiponya wenyewe. Akizidiwa, huenda maradhi yalikuwa yamekwisha kumlemea. Katika soko la tiba, kizuri hakijiuzi na kibaya hakijulikani upesi. Kwa hivyo, jinsi kampuni changa za afya zinavyoingia sokoni si suala la wachumi peke yao. Ni suala la maadili, na kwa kuwa imani ya mgonjwa hujengwa kwa maneno, ni suala la lugha pia.

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka wa 2007, simu ya mkononi imekuwa mlango wa biashara nyingi mpya. Vijana waliohitimu vyuo vikuu wamebuni njia za kuagiza dawa kwa simu, za kuzungumza na daktari aliye mbali, na za kuweka akiba ya matibabu. Ubunifu huu unastahili pongezi. Lakini pongezi zisizuie swali gumu. Makala haya yanashikilia rai moja: kampuni changa ya afya isiyojua ni nani atakayeilipa baada ya fedha za kuanzia kwisha humgeuza mgonjwa kuwa chambo cha kuwavutia wafadhili na wawekezaji, hata kama nia ya waanzilishi wake ni njema.

Anayetumia siye anayelipa

Katika soko la maembe, anayechagua, anayelipa na anayekula ni mtu mmoja. Katika soko la tiba majukumu haya hugawanyika. Mgonjwa hutumia, daktari huchagua, na anayelipa aghalabu ni bima, mwajiri, serikali au mfadhili. Juu ya hao wote ipo mamlaka inayotoa kibali, mathalani Bodi ya Dawa na Sumu nchini Kenya. Kampuni inayompendeza mmoja na kuwasahau wengine haifiki mbali.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni inamtoza mgonjwa shilingi 100 kila azungumzapo na daktari kwa simu. Katika hizo, shilingi 60 ni za daktari na gharama za mitambo, hivyo zinabaki 40. Mtu wa kawaida akipiga simu mara mbili kwa mwaka, kampuni itabaki na shilingi 80. Ikiwa ilitumia shilingi 300 za matangazo na zawadi kumpata mtu huyo mmoja, itahitaji miaka mitatu na miezi tisa ili irejeshe ilichotumia, kabla ya kulipa kodi ya nyumba na mishahara ya ofisi. Kabla ya muda huo kwisha, mteja amekwisha kubadilisha laini ya simu. Kampuni ya namna hii huweza kutangaza kwa fahari kwamba imesajili maelfu ya watu, ilhali kila anayesajiliwa anaizamisha zaidi. Idadi ya waliosajiliwa ni sifa, si mapato.

Ni nani basi alipe? Akilipa mgonjwa mwenyewe kutoka mfukoni, biashara ni nyepesi kuanzisha, lakini inawaacha nje wale wanaoihitaji zaidi. Mpango wa M-TIBA, ulioanzishwa nchini Kenya na Safaricom, PharmAccess na CarePay na kuzinduliwa rasmi mwaka wa 2016, ulijaribu kulijibu tatizo hili kwa kumwezesha mtu kuweka akiba ndogo ndogo ambayo haiwezi kutumika ila kwa matibabu. Wazo hilo lilitoka katika desturi inayofahamika, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, maradhi hayangoji kibaba kijae. Si ajabu kwamba mtambo huo baadaye uliwekwa pia katika huduma ya kampuni za bima, kwa maana bima hukusanya vibaba vya wengi kumfaa mmoja aliyeugua leo.

Serikali nayo ni mlipaji mkubwa, lakini si mlipaji mwepesi. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, ilimpisha mrithi wake, Mamlaka ya Afya ya Jamii, tarehe 1 Oktoba 2024. Iliondoka ikiacha madeni ambayo hospitali za kibinafsi zimeyalalamikia mara kwa mara. Funzo kwa kampuni changa ni kwamba yaweza kufa ikidai. Daftari limejaa fedha za kupokewa, ilhali muuguzi hajalipwa mshahara na muuza dawa amekataa kukopesha. Anayepanga kulipwa na umma sharti awe na akiba ya kumvusha katika miezi ya kungoja, au asianze.

Funzo la Rwanda

Mfano wa Babyl nchini Rwanda unastahili kuzingatiwa kwa makini, kwa kuwa unaonyesha kwamba hata anayeingia sokoni kwa hekima huweza kuanguka. Babyl, tawi la kampuni ya Babylon ya London, ilianza kazi Rwanda mwaka wa 2016. Haikudai simu ya kisasa. Mgonjwa alibonyeza *811# kwenye simu ya kawaida. Haikumlazimisha kuzungumza Kiingereza. Alihudumiwa kwa Kinyarwanda. Mwaka wa 2020 ilitia saini mkataba wa miaka kumi na serikali, huduma zake zikaingizwa katika bima ya jamii ya Mutuelle de Santé. Zaidi ya watu milioni 2 walijisajili. Kwa kipimo chochote cha kuingia sokoni, hapakuwa na la kulaumiwa.

Lakini kampuni mama ilikuwa ikipata hasara kubwa. Iliingia katika soko la hisa la New York mwaka wa 2021 ikikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Kufikia mwaka wa 2023 ilikuwa imeporomoka, na huduma ya Rwanda ikasimama mwaka uo huo. Mama wa kijijini aliyezoea kubonyeza namba ile hakuwa na hisa New York, wala hakujua kwamba afya yake ilikuwa imefungamanishwa na bei za huko. Kwa hiyo, haitoshi kujua anayelipa. Ni lazima pia kujua hasara za nani zimebebwa ndani ya chombo kimoja na mgonjwa. Serikali inayotia saini mkataba wa aina hii ina wajibu wa kuuliza mapema: kampuni ikifa, kumbukumbu za wagonjwa zitakwenda wapi, na ni nani atakayepokea simu yao siku ya pili?

Madurai na Uganda

Iwapo Rwanda inatoa tahadhari, India inatoa tumaini. Mwaka wa 1976, Daktari Govindappa Venkataswamy, aliyekuwa amestaafu utumishi wa serikali, alifungua kliniki ya macho yenye vitanda 11 mjini Madurai. Hiyo ndiyo iliyokua ikawa Aravind, mojawapo ya taasisi kubwa zaidi za tiba ya macho ulimwenguni. Siri yake haikuwa mitambo ya ajabu. Wenye uwezo walilipa, na ziada yao ikawatibu wasio nacho. Kazi ya upasuaji wa mtoto wa jicho iligawanywa kwa utaratibu, wauguzi wakafanya maandalizi yote ili daktari abaki na kisu chake tu, na gharama ya kila jicho ikashuka. Mwaka wa 1992 taasisi hiyo ilianzisha Aurolab ili kujitengenezea lenzi zilizokuwa zikinunuliwa ng'ambo kwa bei ya kuumiza.

Aravind iligundua jambo jingine ambalo kila mwanzilishi angepaswa kulikariri. Ilipotoa upasuaji bila malipo, wengi hawakuja. Nauli, chakula, na ujira wa siku zilizopotea vilikuwa bei ambayo neno "bure" halikuitaja. Ndipo taasisi ikapeleka kambi za uchunguzi vijijini na kuwabeba wagonjwa kwa basi. Kuingia sokoni hakukuwa kutangaza; kulikuwa kuiondoa bei iliyojificha.

Karibu na nyumbani, shirika la Living Goods lilianza nchini Uganda mwaka wa 2007 kwa kuwatumia wahudumu wa kijiji waliozunguka nyumba hadi nyumba wakiuza dawa na sabuni, wakijipatia faida kidogo kwa kila walichouza. Utafiti uliofanywa katika vijiji 214 vya Uganda ulionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 27 palipokuwa na wahudumu hao. Muuzaji alikuwa jirani. Alijulikana kwa jina, na dawa yake ikidhuru, aliyedhurika alijua mlango wa kubisha. Hata hivyo, shirika hilo lenyewe baadaye liliegemea zaidi kushirikiana na serikali, ishara kwamba faida ya sabuni peke yake haiwezi kuubeba mzigo wa afya ya umma.

Pingamizi mbili

Wapo watakaodai kwamba maswali haya yanawachelewesha vijana, na kwamba soko humpenda anayewahi. Jibu lao ni Theranos. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa na Elizabeth Holmes mwaka wa 2003, ilidai inaweza kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu, ikaingia madukani kabla ya kuthibitisha dai lake. Mwezi wa Januari 2022, mwanzilishi alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji. Katika mashtaka yaliyowahusu wagonjwa, hakupatikana na hatia. Tukio hilo linasema mengi: mwenye fedha alipata hukumu, aliyetoa damu hakuipata. Haraka ya namna hii haina baraka, na anayelipia uhaba wa baraka hizo ni mgonjwa.

Wengine watasema kinyume, kwamba afya isiwe biashara kamwe. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hoja hii ina uzito. Lakini mzazi ambaye mtoto wake anawaka homa usiku wa manane, na zahanati ya umma imefungwa, hugonga duka la dawa la mtaani. Biashara ipo tayari. Linalobaki ni kuamua iwe biashara ya namna gani, na iwajibike kwa nani.

Lugha kama mlango wa soko

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Programu nyingi za afya nchini hufunguka kwa Kiingereza, na masharti yake marefu hukubaliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja bila kusomwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa itolewe na mtu aliyeelewa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya habari zinazomwezesha kufaidika nayo. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka ni jina tu.

Isitoshe, tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Mgonjwa anaposema ana "homa", huenda ana joto la mwili, mafua, au anashuku malaria. "Presha" na "sukari" si shinikizo wala kitu cha kutilia katika chai. Ni majina ya maradhi. Mtambo usiofahamu hayo utauliza swali sahihi na kupokea jibu potovu. Wapo walioelewa. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza Tanzania mwaka wa 2012, iliwapelekea wajawazito na wenzi wao ujumbe mfupi wa Kiswahili bila malipo. Nchini Kenya, shirika la Jacaranda Health huwajibu akina mama maswali yao kwa Kiswahili na Kiingereza kupitia huduma yake ya PROMPTS. Katika kazi kama hizi, Kiswahili si pambo la tangazo, bali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hitimisho

Kampuni changa inayotaka kudumu na ianze na mtaa mmoja na tatizo moja, imjue mlipaji wake wa mwaka wa tano kabla ya kumsajili mgonjwa wa kwanza, na iseme waziwazi yatakayotokea iwapo itafungwa. Iwaheshimu wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi nchini Kenya mwezi wa Septemba 2023, bila kuwageuza wachuuzi wasiolipwa. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo visingoje kualikwa. Istilahi za tiba, fomu za ridhaa na maswali ya mitambo ni kazi inayowasubiri wanachama wake.

Kampuni yoyote mpya katika nyumba ya mgonjwa ni mgeni. Desturi ya Waswahili haimfukuzi mgeni, wala haimpokei kwa sababu ya uzuri wa mavazi yake. Husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye mwenyeji hakupona kwa ujio wake, na bado akaondoka na hadithi ya kuwasimulia wawekezaji, hakuja kutibu. Alikuja kuvua.