Hisabu Peke Yake Haimtoshi Mwanamke Mbele ya Mizani

Leo tunavuka bahari hadi mkoa wa Kagera, kwenye wilaya za Karagwe na Kyerwa. Msishangae, watu wa pwani na Karagwe wanajuana tokea zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, enzi za Mfalme Rumanyika, wakibadilisha nguo na shanga kwa pembe za ndovu. Bila ya shaka hata wakati huo aliyeshika kipimo ndiye aliyejua faida iko wapi.

Siku hizi kinachopimwa ni kahawa. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini zao ni lile lile, na vyama vya msingi vya wilaya zote mbili viko chini ya chama kikuu kimoja, KDCU. Mikono mingi inayochuma, kuanika na kupembua ni ya wanawake. Kahawa hupelekwa ikiwa na maganda yake, na ikishakobolewa uzito hubaki karibu nusu. Kwa hiyo kuna bei ya maganda na kuna bei ya kahawa safi. Mama akisikia redioni bei ya safi, kisha akalipwa ya maganda, atadhani ameibiwa. Na siku akiibiwa kweli, hatajua.

Halafu kuna butura. Mtu ana shida, ada ya mtoto au mgonjwa, anachukua pesa kahawa ikiwa bado maua mtini, na atalipa kwa kahawa. Tuchukulie kapewa shilingi 100,000 kwa ahadi ya gunia la kilo 60. Msimu ukifika na kilo ikawa 3,000, gunia lile ni shilingi 180,000. Elfu themanini zimeondoka kwa miezi michache. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku, nayo haifi, kwa sababu shida haingoji mavuno. Katika dini yetu mauzo ya salam, yaani kulipwa kabla ya kutoa mali, yanaruhusika, lakini kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Matunda ambayo hayajaonesha kukomaa mtini, Mtume (s.a.w.) amekataza kuyauza. Masheikh wetu watafafanua zaidi. Sisi tunachokiona ni kwamba asiyejua kuhisabu hana njia ya kujua mkataba wake uko upande gani.

Basi wafundishwe hisabu, watu husema. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya dawa. Muuza ndizi yeyote hupiga chenji kichwani kabla hujafungua pochi. Kinachomshinda ni kusema: "Karani, mizani imesoma ngapi? Naomba uniandikie risiti." Aseme kwa Kiswahili wakati lugha ya nyumbani ni Kinyambo, mbele ya mwanamme aliyekaa kwenye kiti, na foleni nyuma inaguna. Na sisi wenyewe tumewalea mabinti zetu kwamba mwanamke anayeuliza pesa mara mbili hana haya. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya ya kunyamazia haki yako tumeitoa wapi?

Someni aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inazungumzia kuandika deni. Mwandishi aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika kwa sababu Allah ndiye aliyemfundisha. Na anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa, yaani mara nyingi aliye dhaifu kati ya wawili. Kalamu inamfuata yeye. Akiwa hawezi, walii wake atatamka kwa haki. Na wapunjaji wa vipimo wametengewa sura yao, ya 83, Al-Mutaffifin. Lakini mpunjwaji naye ana kazi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Si jambo geni huko. Mwaka 1968 Serikali pamoja na UNESCO zilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, na Ziwa Magharibi, ndiyo Kagera ya leo, ikiwamo. Watu wazima walisoma kwa vitabu vya pamba, migomba na uvuvi, vitu walivyovishika kila siku. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Fikra ile bado ni nzuri kuliko nyingi zilizokuja baadaye, ila leo kitabu kingekuwa na kurasa nyengine. Binti aliyeajiriwa duka la Kayanga anatakiwa amwandikie tajiri ujumbe wa simu wa kueleweka: sukari imebaki mifuko mingapi, imeuzwa mingapi, nani hajalipa. Wakala wa pesa za simu afunge hisabu jioni. Na mpakani Murongo, mchuuzi anashika shilingi mbili, ya Tanzania na ya Uganda, jina moja na thamani mbali mbali. Hapo kukosea ni rahisi sana, na kukosewa ni rahisi zaidi.

Nasi visiwani tusijione tumefika. Mwani wa Paje unapimwa kwa kilo, mchuma karafuu wa Pemba analipwa kwa pishi, na wangapi kati yao wana daftari?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi, kwa walimu wa Karagwe na kwa darsa zetu za kina mama pia. Somo lifanywe kwa mdomo. Mmoja awe karani, mmoja muuzaji, mizani ya kweli katikati, yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na muuzaji aulize kwa sauti. Akifinyiwa uso aulize tena, kwa adabu ile ile. Kisha wabadilishane viti, maana kesho huenda yeye ndiye karani, na mbele yake atasimama mwenziwe asiyethubutu kuuliza. Nusu saa baada ya darsa yatosha kuanzia, na daftari la kurasa 48 kwa kila mmoja.