Mwimbaji Tunamjua, Solo Kapiga Nani?

Piga zilipendwa yoyote harusini uone. Wazee kwa vijana wanainuka. Uliza nani kaimba, meza nzima itakujibu. Uliza solo kapiga nani, kimya. Labda mzee mmoja atasema, "Si yule... yule mrefu." Basi, imeishia hapo.

Na huyo "yule mrefu" ndiye aliyeujenga wimbo. Kwenye bendi zetu za zamani mtu alikuja mazoezini na maneno na sauti kichwani tu. Mpiga solo ndiye aliyetafuta gitaa la kuanzia, akaamua rizimu iingie vipi, tarumbeta zijibu wapi, na waimbaji wanyamaze saa ngapi ili magitaa yachemke. Mengi ya hayo hayakuandikwa popote, yalifundishwa kwa sikio. Halafu redioni ukatajwa mtunzi, yaani mwenye maneno. Kwetu mtunzi ni mwenye maneno, aliyepanga muziki ni "mwanabendi" tu!

(Neno jazz lisikuchanganye. Western Jazz walikuwa na Saboso yao, NUTA Jazz na Msondo wao. Ilikuwa rumba iliyopikwa nyumbani, siyo jazz ya Wamarekani.)

Mbaraka Mwinshehe aliponea hapo kwa sababu alifanya yote matatu: alitunga, aliimba na solo akapiga mwenyewe. Mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano, na tangu ajali ya gari ilipomchukua kule Mombasa Januari 1979 jina lake halijafutika. Sasa fikiria angekuwa na vidole vilevile ila hana sauti ya kuimba. Angekuwa "yule wa Morogoro". Na wale waliosimama pembeni yake na rizimu, wangapi tunawajua?

Maisha yenyewe hayakuwasaidia. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, watu wakilipwa mshahara. Mshahara wa uhakika ulikuwa jambo kubwa, tusiudharau. Lakini vyombo vilikuwa vya bendi. Mpiga gitaa akihama, mara nyingi alihama mikono mitupu, na kile alichokibuni kikabaki kinapigwa na mwingine.

Wapo watakaosema mwimbaji ndiye sura ya wimbo. Sawa. Ila pale harusini watu huinuka kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kinachowatoa kwenye viti ni lile gitaa la mwanzo. Prodyuza wa leo analijua hilo, ndiyo maana akitaka ladha ya zamani anakata kipande cha gitaa akakiweka kwenye biti yake. Ikifika kulipa, kama inafika, anaulizwa mwenye maneno.

Wanaopandisha nyimbo hizi YouTube wanaweka jina la bendi, mwaka, na picha ya mwimbaji. Kuongeza mstari mmoja wa solo, rizimu na besi kuna ugumu gani? Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa nao wawapigie simu wazee wenyewe wakiwa bado wanapokea. Maana kwa mwendo huu jina kamili la mpiga solo tunalisoma kwa mara ya kwanza kwenye grupu la WhatsApp la michango ya mazishi.